Admini, Nifiche Jina

Maiti ilikuwa imelala kwa ubavu, lakini katika mkao wa kuketi. Magoti yalikuwa yamekunjwa hadi kifuani, na mikono imeingizwa kwapani. Mwanamke yule aliganda akiwa ameegemea mlango wa chuma wa chumba cha barafu kwa ndani. Asubuhi mlango ulipofunguliwa alianguka nje akiwa vilevile, na hakuna aliyethubutu kumnyoosha.

Inspekta Nsama Mukuka alichuchumaa. Aliona aproni ya plastiki, buti nyeupe na kofia ya wavu. Kope zilikuwa na barafu. Akautoa mkono wa kulia taratibu. Ncha za vidole vitatu zilikuwa zimechanika, na ukucha mmoja haukuwapo.

"Jina lake?"

"Febby Tembo," alijibu msimamizi wa uzalishaji, Lackson Chipasha, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi. "Kibarua. Mgeni hapa."

"Nani aliyemkuta?"

"Mimi, mama." Mwanamke mmoja mnene alinyoosha kidole kama mwanafunzi. "Mervis. Wa kufungasha."

Mwenye kiwanda hicho cha kuku, Gershom Sikalangwe, alikuwa amesimama mbali kidogo, viatu vyake vimevishwa mifuko ya plastiki visichafuke. "Ajali hii, mama Inspekta," alisema. "Vibarua wanaingia mle kukwepa kazi, wengine kuficha kuku. Huyu kaingia, mlango ukajifunga, akapagawa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtatuachia chumba saa ngapi? Nina kuku wanaoharibika."

Nsama aliinuka. Aliutazama mlango kwa ndani. Mkono wa kufungulia ulikuwapo, wa chuma, umekazwa kwa skrubu nne.

"Sajini, ingia. Tukufungie."

Sajini Simwinga alivuta pumzi, akaingia. Mlango ulifungwa. Mara kitasa kikalia, Simwinga akatoka meno yakigongana.

"Unafunguka, afande. Hata mtoto angefungua."

"Basi mbona yeye hakufungua?"

"Baridi inavuruga akili," alisema Chipasha. Alisema hayo akiangalia mfereji wa maji machafu.

Wafanyakazi wa kiwanda kile walikuwa wakiacha simu zao getini, kila moja kwenye kijichumba chake cha mbao. Nsama alipoletewa simu ya Febby Tembo, ilikuwa ikiita. Akaipokea.

"Towela! Uko wapi wewe? Tangu jana nakupigia!" Ilikuwa sauti ya mzee.

Nsama akageukia ukuta, akashusha sauti. "Towela ni nani, baba?"

* * *

Towela Nyirongo, aliyeingia kiwandani kwa jina la Febby Tembo, alikuwa mwandishi wa habari za uchunguzi. Mzee Kapembwa, mhariri wake, alikuwa na ofisi juu ya duka la vipuri katikati ya Ndola. Chumba kilinuka wino na vitumbua vya asubuhi, ambavyo vilikuwa bado mezani, havijaguswa. Kapembwa alilia kwanza, kwa aibu, kama wanavyolia wazee wasiozoea. Kisha akajipangusa.

"Nilimkataza. Akaniambia, 'Mzee, wewe kaa na chai yako.' Alikuwa hivyo."

"Alikwenda kutafuta nini?"

Kapembwa aligeuza kompyuta. Palikuwa na ukurasa wa mtandaoni ambao Nsama aliufahamu vizuri, kama kila mtu wa Ndola. Watu walikuwa wakituma malalamiko yao, na wenye ukurasa wanayaweka bila kutaja aliyetuma. Karibu kila lalamiko lilianza vilevile: *Admini, nifiche jina.* Fulani amenitapeli. Mwalimu fulani anatuomba rushwa. Mume wa fulani ana mwingine Chingola.

"Haya ndiyo mnayoandika magazetini?" aliuliza Simwinga. "Hata mke wangu alinisema humu. Nilimjua kwa namna anavyonitukana."

"Hatuyaandiki, mwanangu. Tunayafuata." Kapembwa alivua miwani. "Lalamiko lisilo na mwenyewe si ushahidi. Nusu ni uongo, robo ni visasi vya mapenzi. Towela alikuwa anayasoma yote, na alikuwa na swali moja tu: humu mna nini ninachoweza kukithibitisha bila kumtafuta aliyeandika? Kwa sababu ukishaanza kumtafuta, umewaonyesha wengine njia ya kumpata."

Akawafungulia moja.

*Admini, nifiche jina. Kiwanda cha kuku njia ya Kitwe. Mkono wa ndani wa chumba cha barafu umetolewa tangu Pasaka kwa amri ya bosi, eti watu wanaiba. Uko kwenye droo ofisini, umeviringishwa kipande cha gunia la chakula cha kuku. Mlangoni limebaki tundu tu. Nje kuna kufuli. Wanaokosea wanafungiwa mle wapoe. Iko siku mtu atafia humo. Mimi siwezi kusema, nina watoto.*

Nsama alisoma mara mbili.

"Towela alimwandikia kupitia kwa wenye ukurasa," alisema Kapembwa. "Wakapeana njia ya kuongea. Jina hakuliomba, na wala hakupewa. Haya ndiyo aliyonitumia nimhifadhie."

*Naweza kukuona?*

*Hapana. Wanamtafuta aliyeandika.*

*Basi sitakutafuta. Nitaingia mwenyewe kama kibarua. Hutanijua na mimi sitakujua, ili ukiulizwa usilazimike kudanganya. Na siku nitakayokuwa ndani, nitawaita maafisa wa kazi waje.*

*Usije.*

*Kwa nini?*

Hapakuwa na jibu.

"Mahakama ikiniamuru nimtaje, nitakwenda jela bure," alisema Kapembwa. "Simjui. Naapa kwa kaburi la mama yangu, simjui."

Nsama alimwomba asichapishe jina la Towela hadi mama yake, aliyekuwa Chipata, aambiwe na mtu wa kumshika mkono. Waliposhuka ngazi, Simwinga alisema, "Afande, mkono tumeuona kwa macho yetu. Huyu aliyeandika ni mwongo."

"Au mkono umerudi," alisema Nsama.

* * *

Kabla hawajafika kituoni, kamanda alimpigia Nsama simu. Maneno yake yalikuwa mafupi. Kifo cha ajali kazini, tena kinasikitisha. Jalada lisicheleweshwe. Mzee Sikalangwe ni mtu wa watu, ndiye aliyejenga uzio wa kituo.

Simu ya pili ilikuwa ya Sikalangwe mwenyewe.

"Nasikia mmepita kwa wale wa magazeti."

Nsama aliangalia kioo cha gari. Nyuma hapakuwa na mtu. "Nani amekwambia?"

"Ndola ndogo hii, mama. Mimi sina neno. Kuna mtu anaandika uzushi juu ya kiwanda changu, na polisi mna vyombo vya kumpata. Mkimpata naomba nijue tu. Tutaelewana."

Alipokata simu, Nsama alibaki ameishika. Alihitaji shahidi, na shahidi pekee aliyejitokeza ni yule asiye na jina. Akimpata na kumwandika kwenye jalada, jina hilo litakuwa mezani kwa Sikalangwe kabla wino haujakauka. Asipompata, jalada litafungwa kama ajali. Aliona kama amesukumwa kwenye chumba kisicho na mlango, na waliomsukuma ni wenzake wa kituoni.

"Tutafanyaje, afande?" aliuliza Simwinga.

"Hatumtafuti aliyeandika," alisema Nsama. "Tunatafuta alichoandika."

* * *

Walirudi kiwandani wakati wa chakula cha mchana, wakiwa na mtaalamu wa maabara ya polisi. Vibarua walikuwa wameketi ukutani na sahani za ugali wa nshima na dagaa wa kapenta. Walipowaona polisi, mazungumzo yalikatika kama redio iliyozimwa.

Nsama alikaa chini karibu na Mervis. "Mama, jana ulimwona Febby?"

"Mimi ni mtu wa kufungasha mapaja, Inspekta. Macho yangu yanaishia kwenye mapaja."

"Leo Mervis kawa kipofu!" alidakia mwenzake mmoja. "Jana alimwona panya toka getini!"

Wengine walicheka kidogo. Mervis alifinyanga tonge kwa muda mrefu bila kulipeleka mdomoni. Kisha akasema, midomo ikicheza kidogo sana, "Usiniulize nani. Niulize lini."

"Lini ulimwona mara ya mwisho?"

"Asubuhi. Kabla gari la serikali halijaingia. Baada ya hapo meza yake ilikuwa tupu." Akalimeza tonge lile kavu, akainuka, akaenda kunawa.

Kwenye chumba cha barafu, mtaalamu alimulika mlango kwa tochi. Theluji ilikuwa imeota kila mahali kwa ndani: kwenye bawaba, kwenye kingo, kwenye vichwa vya misumari. Mkono wa kufungulia ulikuwa na ukungu mwembamba tu. Skrubu zake ziling'aa kama za dukani.

"Ufungue," alisema Nsama.

Bisibisi ilizunguka. Skrubu ya nne ilipotoka, mtaalamu aliliondoa bamba la mkono polepole.

"Inspekta. Njoo uone."

Chini ya bamba palikuwa na tundu la duara. Ukingo wake ulikuwa na damu iliyoganda, michirizi ya kucha, na kipande cha ukucha kimekwama kwenye chuma.

Simwinga alishika kofia yake. "Alikuwa anaingiza vidole."

"Damu haiingii chini ya bamba lililokazwa," alisema Nsama. "Alipokuwa hai, mkono huu haukuwapo. Umewekwa akiwa amekwisha kufa." Akamgeukia Chipasha, aliyekuwa amesimama nyuma yao. "Tupeleke ofisini kwako."

Droo ilikuwa imefungwa. Chipasha aliifungua kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni. Ndani mlikuwa na kipande cha gunia la chakula cha kuku, tupu, kimekunjwa, kina alama za grisi.

Sikalangwe aliingia akihema. "Mnampekua Chipasha? Huyu alikuwa na mimi kutwa nzima! Mimi, yeye na maafisa wa kazi! Kawaulizeni hao maafisa!"

"Tutawauliza," alisema Nsama.

* * *

Afisa wa kazi aliitwa Bi. Nakamba. Alikuwa ameanza kuogopa kabla hawajakaa.

"Ni yule aliyekufa? Tulikuwa pale siku hiyo hiyo?"

"Nani aliwaita?"

"Mwanamke. Alipiga simu alfajiri, hakutaja jina. Akasema tukifika tudai kuona chumba cha barafu kwanza."

"Mkadai?"

"Tulidai. Mwenye kiwanda akasema ufunguo uko kwa fundi, na fundi kaenda Luanshya. Msimamizi wake alikuwa amekaa pembeni yake. Hakusema kitu."

"Alikuwaje?"

Bi. Nakamba alifikiri. "Alitoka jasho. Nikadhani ni mgonjwa. Kila mara aliinuka aombe kutoka, na bosi wake anamshika bega, anamwambia, 'Kaa, Chipasha, majibu yote unayo wewe.' Chai yake hakuigusa. Halafu bosi akamwambia apande gari letu, aje huku kutia saini taarifa. Akachelewa sana kuondoka hapa." Akaweka mkono kifuani. "Inspekta, niambie ukweli. Tulipokuwa tunakunywa chai ile, alikuwa hai?"

Nsama alifunga daftari lake.

* * *

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti vitatu. Nsama alimsomea Chipasha onyo. Simwinga aliketi tayari kuandika.

"Kufuli la chumba cha barafu lina funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Anao nani?"

"Mimi."

"Fundi je?"

"Hakuna fundi."

"Kwa hiyo Mzee Sikalangwe aliwadanganya maafisa."

"Hakutaka waone tundu. Hakujua kama mle mna mtu."

"Wewe ulijua."

Chipasha aliangalia sakafu. Nsama akasogeza mbele yake karatasi aliyochapisha, lile lalamiko. Chipasha hakuitazama.

"Soma."

"Nimeshaisoma. Wote tumeisoma."

"Inasema mkono uko kwenye droo, kwenye kipande cha gunia. Droo yako ina funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Mzee Sikalangwe anao?"

"Hana. Aliniambia nitoe mkono, nitupe. Sikutupa."

"Kwa hiyo hata yeye hakujua habari ya gunia."

Nje askari mmoja alikuwa akimzomea mwenzake juu ya mpira, wakacheka, wakapita.

"Niliandika mimi," alisema Chipasha.

Kalamu ya Simwinga ilisimama.

"Endelea," alisema Nsama.

"Niliogopa. Bosi ananiamuru, fungia huyu, fungia yule, wapoe kidogo. Mimi ndiye ninayefunga. Kila nikifunga nasimama pale nje nahesabu moyoni. Nikasema siku moja nitaitwa mahali, nitachelewa. Nikaandika ili serikali ije, wamlazimishe aurudishe mkono, na mimi nisionekane." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ikasomwa mji mzima. Bosi akaniita. Akasema, 'Chipasha, nitafutie aliyeandika. Usipomleta, ni wewe unayemficha, utoke kwenye nyumba yangu na watoto wako.' Nyumba ni ya kiwanda. Nikawa najitafuta mwenyewe, Inspekta. Kila Ijumaa ananiuliza, umempata? Nasema bado."

"Ukamchagua Febby."

"Alikuwa mgeni. Hana ndugu pale. Anauliza maswali mengi: mlango huu unafungukaje, kufuli la nini. Nikasema huyu akikubali kwamba ndiye, atafukuzwa tu, atapata kibarua kwingine. Atapoteza nini? Nikamwita asubuhi anisaidie kubeba kreti. Alipoingia nikafunga."

"Ukamwambia nini?"

"Tuliongea kupitia lile tundu. Nikamwambia, sema ni wewe unayeandika, nikufungulie. Akasema, 'Si mimi.' Nikamwambia, basi mtaje. Akasema..." Alishika ukingo wa meza. "Akasema, 'Hata ningemjua nisingekutajia. Huyo mtu ndiye pekee humu aliyewahurumia wenzake.' Nikakasirika. Nikamwambia, kaa kidogo ufikiri."

"Halafu?"

"Nikasikia gari. Bosi ananiita kwa sauti. Nikasema nikasalimie, nirudi. Nikakuta ni maafisa."

Nsama aliinama mbele. "Maafisa uliowaomba wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Wamekaa mbele yako. Wanataka kuona chumba. Ulihitaji kusema neno moja tu."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Bosi alikuwa amenishika bega!" Alipiga kelele, kisha akajishangaa, akashusha sauti. "Nikifungua mbele yao, mimi ndiye niliyefungia mtu. Ni jela. Nikikaa kimya, labda wanaondoka sasa hivi nakimbia kumtoa. Kila walipoinua kikombe nilisema, akikishusha nasema. Anakishusha. Nasema, swali hili likiisha. Likaisha. Halafu wakanipakia kwenye gari, na ufunguo mfukoni, naushika hivi, naona kiwanda kinabaki nyuma."

Aliufumba mkono wake juu ya meza, akaonyesha.

"Niliporudi, wote walikuwa wametoka. Nikafungua, akaniangukia miguuni. Nikamrudisha. Nilimrudisha, Inspekta, nikamkalisha vilevile. Nikachukua mkono kwenye droo, nikaukaza, nikaondoa kufuli, nikaenda nyumbani. Watoto walikuwa wanakula."

Simwinga aliandika. Nsama alisubiri kalamu imalize. Akatoa karatasi ya pili, yenye ule ujumbe. Alijua si lazima. Maungamo aliyokuwa nayo yalitosha. Lakini marehemu hakuitwa Febby, na mtu huyu alipaswa kujua ni nani aliyemuua.

"Uliwahi kuandikiana na mwandishi wa habari."

"Ndiyo. Nilimwambia asije." Macho yake yalikwenda kwenye karatasi, yakafuata mistari. *Nitaingia mwenyewe kama kibarua. Hutanijua na mimi sitakujua.* "Hakuja. Sikumwona mtu yeyote. Sikumwona mwandishi..."

Nsama aliona uso ule ukielewa, kidogo kidogo, kuanzia machoni hadi mdomoni.

"Aliitwa Towela Nyirongo," alisema.

Chipasha alisukuma kiti nyuma kama aliyetaka kutoka. Mlango ulikuwa nyuma ya Simwinga. Akaketi tena, akaweka paji la uso mezani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima.

* * *

Gershom Sikalangwe alikamatwa siku ileile, kwa kuamuru mkono utolewe na watu wafungiwe. Nsama alimfuata mwenyewe, karatasi ya mahakama mkononi, kabla ya kumpigia simu kamanda. Sikalangwe alinyoosha mikono itiwe pingu, kwa dharau, na kuuliza jambo moja tu.

"Mmempata aliyeandika?"

"Utamsikia mahakamani," alisema Nsama.

Jioni alipanda ngazi za juu ya duka la vipuri. Kapembwa alikuwa akiandika habari ya Towela, shati lake limelowa mgongoni. Nsama alimweleza yote, bila kuficha. Mzee alisikiliza hadi mwisho, mikono imelala juu ya meza.

"Kwa hiyo chanzo chake ndiye muuaji wake."

"Ndiye."

"Na ninyi mtalisema hilo mahakamani."

"Ni lazima. Limo kwenye maelezo yake."

Kapembwa alitikisa kichwa, akavaa miwani, akarudi kwenye kompyuta. Nsama aliona mahali alipofikia. Jina la Lackson Chipasha lilikuwapo, na lile alilotenda, na ufunguo, na chai. Mzee alishuka mstari mmoja, akaandika kwamba uchunguzi wa Towela Nyirongo ulianzia kwenye lalamiko la mtu aliyeomba asitajwe.

"Mzee," alisema Nsama, "kesi ikianza, kila mtu atamjua."

"Mahakama itamtaja," alisema Kapembwa, vidole vikiendelea kugonga. "Sisi tulimwahidi."